Sabuni isiyonunuliwa na kadi ya chakula: nilivyoziona kuponi za CVS, Ibotta na wenzake

Nianze na hukumu, ili mwenye haraka asipoteze muda wake. Dawa ya meno, miswaki, shampuu, sabuni ya kuogea, dawa ya kwapa na nyembe: anayeishi Marekani hana sababu ya kuvilipia bei iliyobandikwa kwenye rafu, na mara nyingi anaweza kuvipata kwa kulipia kodi ya mauzo tu. Sabuni ya kufulia na ya kuoshea vyombo utaipata kwa nusu bei au chini yake, lakini bure ni kwa bahati. Karatasi za chooni, pampasi na pedi, usimwamini anayekuambia atakupatia bure kila wiki. Hivyo ndivyo ninavyoyajua mambo haya kutoka hapa Columbus, Ohio, ninakofanya kazi ya kuhudumia wazee, na ambako kwa miaka sasa nimekuwa nikinunua vitu vya bafuni na vya kufulia kwa kuunganisha kuponi, ofa za maduka na zile programu za simu zinazokurudishia pesa baada ya kununua.

Habari hizi zimejaa mitandaoni kwa Kiingereza, zimeandikwa na watu wenye gari mbili na gereji ya kuhifadhia mizigo. Mimi nawaandikia watu wetu, na sababu yangu ni moja. Familia nyingi za Waswahili huku, hasa ndugu zetu wa Kongo waliokuja kama wakimbizi, zilikuwa, hadi mwaka 2025, zikianza maisha kwa kadi ya chakula ya SNAP, ambayo hapa kwetu inaitwa Ohio Direction Card. Kadi hiyo inanunua unga, mchele, maharage, nyama, mafuta ya kupikia, hata mbegu za kupanda mboga. Sabuni hainunui. Dawa ya meno hainunui, wala karatasi za chooni, wala pampasi, wala pedi. Mpango wa WIC unaosaidia wajawazito na watoto wadogo nao haugusi pampasi. Kwa hiyo kila tone la sabuni katika nyumba hiyo linatoka kwenye pesa taslimu, na pesa taslimu ndiyo haba kuliko vyote miezi ya mwanzo, kodi ya nyumba ikiwa inasubiri.

Jirani yangu mmoja, mama wa Uvira aliyekaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, aliniuliza siku zake za mwanzo, "Dada, mgao wa sabuni huku wanatolea wapi?" Nikamwambia, "Mama, huku hakuna mgao wa sabuni." Akanyamaza. Friji lake lilikuwa na kuku na maziwa, na bafuni kulikuwa na kipande kimoja cha sabuni ambacho watu sita walikuwa wakigawana. Tangu siku ile nimeacha kuliona jambo la kuponi kama mchezo wa wenye muda.

Sasa tuelewane jinsi linavyofanya kazi. Kuna pesa za aina tatu zinazoweza kukutana kwenye kitu kimoja. Ya kwanza ni kuponi ya kiwanda: kampuni iliyotengeneza sabuni inakubali kukulipia sehemu ya bei. Ya pili ni ofa ya duka lenyewe, iwe bei imeshushwa wiki hiyo, au kuponi ya duka, au zawadi unayopewa ukinunua kiasi fulani. Ya tatu ni marejesho: umeshalipa, umeshatoka, unapiga picha risiti na programu fulani inakuwekea pesa. Kila moja inalipwa na mfuko tofauti, ndiyo maana zinaruhusiwa kukaa pamoja. Usichoweza kufanya ni kuweka kuponi mbili za kiwanda kwenye kitu kimoja. Kimoja kwa kimoja. Ukilishika hilo, umeshaelewa nusu ya sheria zote.

Nataka nikae hapo kwenye kuponi ya kiwanda kidogo, kwa sababu watu wetu wengi wanaiona aibu. Nimesikia dada zangu wakisema hawawezi kusimama kaunta na vikaratasi kama wanaomba. Mwenzangu, hakuna anayeombwa. Ukisoma maandishi madogo chini ya kuponi, utaona duka linaahidiwa kurudishiwa thamani yote ya kuponi, na mara nyingi senti 8 juu yake kwa usumbufu wa kuishughulikia. Duka halipotezi hata senti. Anayelipa ni kampuni kama Procter & Gamble, ambayo ofisi zake kuu ziko Cincinnati, humu humu Ohio, na ilianzishwa mwaka 1837 na mtengeneza mishumaa na mtengeneza sabuni. Crest, Tide, Dawn, Gillette, Pampers, Bounty, vyote ni vyao. Wametenga pesa hizo ili uzoee dawa yao ya meno na si ya Colgate, na Colgate nao wametenga zao ili uzoee ya kwao. Ugomvi wa wakubwa hao wawili ndio unaofanya dawa ya meno iwe kitu rahisi kuliko vyote kupata bure Marekani. Karatasi za chooni hazina ugomvi wa namna hiyo. Ni mzigo mkubwa, unachukua nafasi kwenye lori na kwenye rafu, na kila mtu atanunua tu hata asipobembelezwa.

Twende dukani. Nilianzia CVS, na bado naipa nafasi ya kwanza. Duka lao la kwanza lilifunguliwa mwaka 1963 huko Lowell, Massachusetts, mji ambao leo una Wakenya wengi, na sasa unaweza kulikuta karibu kila mtaa mkubwa. Kujiunga na mpango wao wa ExtraCare ni bure, namba ya simu inatosha. Wiki ya ofa inaanza Jumapili na kuisha Jumamosi. Kabla sijatoka nyumbani nafungua programu yao kwenye simu, napitia kuponi zilizowekwa kwa jina langu na kuzipakia kwenye kadi, za kiwanda na za duka. Nikishaingia, na kama duka lina ile mashine nyekundu karibu na mlango, naiskanisha kadi yangu nione kama itatoa kuponi nyingine za karatasi. Wengi wanaipita mashine ile kama pambo. Imeshanitolea punguzo la dola kadhaa kwa shampuu siku ambayo shampuu ilikuwa tayari kwenye ofa.

Chukua mfano wa dawa ya meno, wa kawaida kabisa pale. Bei imeshushwa hadi dola 3.99. Kibandiko kwenye rafu kinasema ukinunua mbili unapewa ExtraBucks, yaani zawadi ya kutumia CVS kwenyewe, za dola 4. Kwenye simu una kuponi ya kiwanda ya dola 3 kwa mbili. Ibotta, moja ya zile programu za marejesho, nao wanarudisha senti 50 kwa kila moja. Mbili ni dola 7.98. Toa 3, inabaki 4.98, na hizo ndizo unazotoa mfukoni. Unaondoka na ExtraBucks 4 za kununulia safari ijayo, na jioni ukituma risiti unapata dola moja Ibotta. Umetoa 4.98, zimerudi 5. Dawa mbili za meno bure.

Bure, ila kodi. Hapa ndipo wanaosifia kuponi mitandaoni wanapokata maneno. Kodi ya mauzo katika kaunti yetu ya Franklin ni asilimia 8 tangu Aprili 2025, na kwa sheria ya Ohio inahesabiwa kabla kuponi ya kiwanda haijaondolewa, kwa sababu duka litalipwa zile dola 3 na kiwanda, kwa hiyo bei kamili bado ni 7.98. Hiyo ni kodi ya senti 64. Kuponi ya duka lenyewe ni tofauti, inashusha bei kwanza ndipo kodi inapigwa juu ya kilichobaki. Kwa hiyo ukisikia nasema nimepata dawa mbili za meno bure, jua nimelipa senti sitini na kitu. Kwangu hiyo bado ni neema kubwa, lakini mtu aliyebakiwa na dola tano hadi Ijumaa ana haki ya kujua kwamba lazima atoe zote tano, na kodi juu yake, ndipo zirudi.

Na zinarudi kwa sura gani? Hilo nalo ni la kulitazama kwa macho mawili. ExtraBucks si pesa. Rafiki yangu wa Mombasa alizielewa haraka niliposema ni kama Bonga za Safaricom: ni zako, lakini unazitumia kwa masharti yao. Zina tarehe ya mwisho. Hazinunui pombe, wala gift kadi, wala dawa za cheti cha daktari. Ukiwa na za dola 4 na mzigo wako ni wa 3.50, hakuna chenji. Ndiyo maana mzigo wa kulipia ExtraBucks inafaa uuvushe kidogo tu juu ya kiasi ulichonacho, na mzigo huo wenyewe uwe ni kitu kinachotoa ExtraBucks nyingine. Wiki hii dawa ya meno, wiki ijayo unalipia shampuu kwa zile za dawa ya meno, inayofuata sabuni ya kuogea kwa zile za shampuu. Wiki ya kwanza inauma kwa sababu unatoa pesa zako halisi. Baada ya hapo pesa zile zile zinazunguka, na wewe unaongezea kodi na vijisenti. Ukiacha wiki kadhaa bila kwenda, mzunguko unakatika na ulichobakiza kinaoza.

Kwa kuponi za karatasi, mpangilio wa kumkabidhi keshia una maana. Ile inayosema ukinunua kwa dola 20 unapunguziwa 4 naitoa ya kwanza, wakati jumla bado ni kubwa. Zinafuata za kiwanda. ExtraBucks mwisho kabisa. Ukizichanganya, mashine inaweza kukuambia hujafikisha dola 20 hali ulishazifikisha.

CVS wana daraja la kulipia pia, ExtraCare Plus, dola 5 kwa mwezi, na kila mwezi linakupa dola 10 za kununulia dukani kwao. Kwa hesabu ya juu juu ni faida tupu. Nalipendekeza kwa mtu ambaye duka liko njiani mwake kila siku na hatosahau kuzitumia kabla hazijaisha muda. Kwa anayepanda mabasi mawili kufika, hapana.

Ibotta ndiyo programu ya marejesho ninayoiamini kuliko nyingine. Ni kampuni ya Denver, programu yao ipo tangu 2012, na mwaka 2024 waliingia soko la hisa la New York. Ninachokipenda ni kwamba wanarudisha dola za kweli, unazozituma kwenye akaunti yako ya benki au PayPal. Si pointi za duka. Unachagua ofa kwanza, unakwenda kununua, unarudi na kupiga picha risiti, wakati mwingine unaskani na ile mistari ya bidhaa kuthibitisha. Ushauri wangu: ukubwa wa bidhaa usome kama unavyosoma dozi ya dawa. Ofa ikisema shampuu ya wakia 12 au zaidi, ya wakia 10 haitalipwa, hata kama jina ni lile lile na chupa zinafanana. Mara nyingine huwa na ofa ya chapa yoyote, ya mkate au maziwa au mayai, ambayo inakwenda hata ukinunua kile cha bei ya chini kabisa.

Ubaya wake ni miwili. Huwezi kutoa pesa hadi zifike dola 20, na kwa familia ndogo hilo ni suala la majuma. Na ukiitelekeza kwa nusu mwaka wanaanza kukukata ada ya kila mwezi kwenye salio. Kwa hiyo ukishafikisha 20, toa. Usiziache zikae kana kwamba uko benki.

Fetch, ya Madison kule Wisconsin, ni rahisi zaidi na inalipa kidogo zaidi. Huchagui kitu, unapiga picha risiti yoyote isiyozidi siku 14, ya chakula, ya mafuta ya gari, ya mgahawa, nao wanakupa pointi. Pointi 1,000 ni kama dola moja ya gift kadi. Naitumia kwa sababu hainizuii kutumia Ibotta kwa risiti ile ile, na kwa sababu hata mama mkwe asiyejua Kiingereza anaiweza. Lakini asikudanganye mtu kwamba utaendesha nyumba kwa Fetch.

Na mjue mnachouza. Programu hizi hazikupendi. Zinajua unanunua nini, lini, wapi, kwa kiasi gani, na kampuni zinazilipa ili zijue hivyo na ili zikushawishi. Mimi nimeridhika wajue natumia shampuu gani. Risiti zenye dawa za hospitali siwatumii kamwe, na nawaomba na nyinyi msiwatumie.

Maduka mengine nitayapitia haraka. Target mara kwa mara hutoa gift kadi ukinunua vitu vya nyumbani vya kiasi fulani, na kuponi za kiwanda zinakubalika pamoja na punguzo lao la Circle, kwa hiyo huko ndiko ninakonunua sabuni ya kufulia na pampasi, ofa ikiwepo. Lakini inahitaji kutoa dola arobaini au hamsini kwa mara moja, na si kila nyumba ina hizo za kutoa. Dollar General ni duka la mtaani, lipo hata pasipo na duka jingine lolote, na Jumamosi huwa wana kuponi ya simu ya dola 5 ukinunua kwa 25. Ukiweka na kuponi za kiwanda juu yake, sabuni ya vyombo na ya kufulia zinashuka vizuri sana. Kroger, nao wa Cincinnati, wana ofa za wiki ambazo kuponi moja ya simu inakubali hadi vitu vitano katika malipo mamoja, jambo ambalo CVS hawafanyi. Walgreens inafanana na CVS kwa sura, na aliye karibu nayo asihangaike kwenda mbali.

Aldi hawapokei kuponi za kiwanda kabisa, na bado nawapeleka wageni wote huko kwa karatasi za chooni. Bei yao ya kawaida inazishinda kuponi nyingi za wengine. Kuna watu wanazunguka mji mzima na kuchoma petroli kutafuta karatasi za nusu bei, na ukipiga hesabu kwa kila roli utakuta Aldi ilikuwa inawasubiri pale pale. Pedi na pampasi, angalau Ohio imeziondolea kodi ya mauzo: pedi tangu 2020, na pampasi tangu Oktoba 2023. Ukiona risiti yako imezitoza kodi, rudi ukaulize.

Sasa uchungu wangu. Duka moja la hapa mjini, sitalitaja, lina keshia ambaye akiona ngozi na kusikia lafudhi anaamua kuponi ni ya wizi kabla hajaiskani. Siku moja alimrudishia jirani yangu yule wa Uvira kuponi zote mbele ya foleni, akimwambia haziwezi kukaa pamoja, na zilikuwa ni ya kiwanda na ya duka, jambo linaloruhusiwa na sheria zao wenyewe. Mama wa watu akaanza kukusanya vitu arudishe kwenye rafu, ameinamisha kichwa. Nilikuwa nyuma yake. Nikafungua simu, nikatoa ukurasa wa sheria za kuponi za duka hilo hilo, nikaomba aitwe msimamizi. Msimamizi alisoma, akaziskani mwenyewe, mashine ikazikubali zote. Hakuna aliyemwomba radhi.

Tangu hapo wanaojifunza kwangu nawaambia mambo mawili. Hifadhi ukurasa wa sheria za kila duka kwenye simu, uwe unafunguka hata pasipo intaneti. Na pale penye mashine ya kujilipia mwenyewe, itumie: kuponi za simu zinaingia zenyewe ukiweka namba yako, na mashine haisikilizi lafudhi ya mtu. Kwa mama anayeanza Kiingereza, mashine hiyo imekuwa mlango mkubwa kuliko darasa.

Ofa pia huwa haitoki wakati mwingine. Kibandiko kinasema dola 4, risiti inatoka bila kitu. Usiondoke mlangoni kabla hujasoma risiti, hata iwe ndefu kiasi gani. Huwa napiga picha kibandiko cha rafuni kabla ya kwenda kaunta, namba za tarehe zikionekana. Picha hiyo imenirudishia haki yangu kuliko maneno.

Na tafadhali, kuponi zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ziacheni. Ukitumiwa picha ya kuponi inayosema bidhaa nzima ni bure, eti uichapishe tu nyumbani kwako, jua ni ya kughushi karibu kila mara; viwanda haviachi kitu kama hicho mikononi mwa watu. Kunakili kuponi moja mara kumi nako ni kughushi. Marekani wanalichukulia kama kosa la jinai, si utundu. Mwaka 2021 mwanamke mmoja wa Virginia Beach alihukumiwa kifungo cha miaka 12 kwa kutengeneza kuponi za bandia zilizosababisha hasara ya zaidi ya dola milioni 31. Mtu ambaye karatasi zake za uhamiaji bado zinashughulikiwa hapaswi hata kukaribia moto huo kwa ajili ya sabuni ya dola nne.

Kuna suala la kiasi. Nimeona picha za vyumba vilivyojaa dawa ya meno hadi darini. Dawa ya meno ina tarehe ya mwisho, shampuu inatengana maji na mafuta, sabuni ya kufulia ikikaa sana inaganda. Nyumba yangu ina rafu moja kwa kazi hiyo, na ikijaa nasimama. Kinachozidi kina pa kwenda. Kingine naingiza kwenye pipa linalokwenda Tanga kwa meli, kwa sababu losheni, miswaki na nyembe hazioziki njiani na nyumbani zinapokelewa kwa shangwe. Kingine nakifunga kwenye boksi la mgeni: sabuni ya kuogea, dawa ya meno, mswaki kwa kila kichwa, shampuu, taulo za karatasi, pedi kama kuna mabinti. Familia mpya ikifika mtaani kwetu boksi linatangulia kabla hata sufuria. Na hili nalisema kwa moyo wote: usifagie rafu. Ukichukua kumi na mbili za ofa, wa nyuma yako, ambaye pengine ametoka zamu ya usiku na kupanda basi la COTA kuzifuata, atakuta kibandiko na nafasi tupu.

Muda nao ni gharama. Mimi hutenga saa moja Jumamosi usiku watoto wakilala, napanga duka moja tu la kwenda, si matano, na liwe kwenye njia ninayopita kwenda kazini. Mwenye watoto wadogo wanne na asiye na gari asifuate kila ofa. Afuate CVS au Dollar General iliyo karibu, aanze na dawa ya meno na sabuni ya kuogea, na pesa alizookoa azipeleke kwenye pampasi, ambazo hakuna kuponi itakayomalizana nazo.

Kwa anayetaka kuanza wiki hii: jiunge ExtraCare na Ibotta kabla ya Jumapili, usipakie kitu chochote usichokitumia nyumbani hata kama ni bure, na wahi asubuhi. Kwenye maduka ya kwetu, upande wa Morse Road na Cleveland Avenue, dawa ya meno ya ofa nzuri huwa imekwisha kabla ya watu kutoka kanisani. Ukikuta rafu tupu, muulize mfanyakazi siku ambayo lori lao la mizigo linafika, kila duka lina yake, na urudi siku hiyo, maana ofa inadumu hadi Jumamosi.